Seli ya Wali kwenye Sinia la Mama

Nimefundisha biolojia hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote sijawahi kuiona seli hata moja. Nasema bila aibu kwa sababu siko peke yangu. Mwalimu wangu hakuiona, mwalimu wake naye hakuiona, na nina wasiwasi mkubwa na yule anayetunga maswali ya mtihani wa serikali. Tunarithishana habari za seli kama watu wanavyorithishana habari za Maka: wachache wamefika, na sisi wengine njia tunaijua kwa mdomo tu.

Shule yangu ni ya kanisa, ingawa mishahara yetu ni ya serikali. Mimi mwenyewe nimetoka katika nyumba ya Kiislamu, moja ya zile familia ambazo babu zao walifika au walifikishwa hapa na biashara ya zamani ya Waswahili na Waarabu, na ambazo siku hizi zinauza sabuni, chumvi na vitenge. Hakuna anayeshangaa. Mapadri walimtaka mtu wa biolojia, nami niliitaka kazi ambayo haitanikalisha dukani kutwa nzima nikimsikiliza mjomba wangu akiilalamikia barabara.

Shule ina hadubini. Lazima niliseme hilo, maana mkuu wetu wa shule, ambaye huku tunamwita Prefe, humwambia kila mgeni kabla hata hajamwambia akae. Hadubini hiyo huishi ndani ya kabati la ofisi yake, imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kilichofumwa na masista. Haina lenzi ya juu, wala kile kioo cha chini cha kukamata mwanga. Kilichobaki ni shingo, mguu, na vifundo viwili ambavyo bado vinazunguka vizuri sana. Siku ya kufunga shule huletwa uwanjani na kuwekwa mezani karibu na kikombe cha mpira wa miguu, wazazi wakapita wakiitazama kwa heshima.

Basi wanafunzi wangu walijifunza sehemu za seli kwa kuimba, kwa Kifaransa. Ungewaamsha usingizini wangekuambia kwamba mitokondria ni kiwanda cha nguvu cha seli, wala wasingekosea herufi. Ukiwauliza nguvu ya kufanyia nini, wanatazamana. Mwaka huo nilikuwa na kumi na mmoja katika darasa la sita la sekondari, la opsyo ya bioshimi, yaani mkondo wa biolojia na kemia, na siku moja nilichoka na zile nyimbo. Nikafunga daftari, nikawaambia leo tunasema kwa Swahili, na kila mtu anieleze seli kama anavyoujua mji huu.

Kwanza walicheka. Kisha kijana mmoja wa nyuma akasimama. "Prof, kiini ni biro ya administrateri. Kitabu ya maagizo iko mule, na haitoke hata siku moja. Ukiitaka, wanakupa fotokopi."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimetumia miaka kumi na minne na ubao mzima kueleza kwamba maagizo ya urithi hayatoki ndani ya kiini, kwamba kinachotoka ni nakala tu, na huyu kijana amemaliza kwa pumzi moja, kwa mfano wa ofisi ya mkuu wa wilaya. Mwingine akasema ribosomu ni wapiga matofali: zinaipokea ile nakala, zinaisoma, zinajenga protini bila kuuliza nyumba ni ya nani. Mwingine akasema utando wa seli ni bariere, kile kizuizi cha askari barabarani, si kila mtu anapita, na anayepita lazima ajieleze.

"Hapana, Prof," akasema msichana wa mbele. "Utando iko na akili. Unajua kitu unaingiza na kitu unakataza. Bariere inakamata kila kitu."

Darasa likalipuka. Mimi nikajikohoza, kama anavyopaswa kufanya mtumishi wa serikali.

Msichana huyo alikuwa mmoja wa wasichana wawili tu katika darasa lile, na kwa kweli alikuwa wa kwanza kati ya wote. Mama yake alikuwa Salamabila, kule kwenye dhahabu, akiwauzia wachimbaji wali uliopikwa na nguo. Mama na mtoto walikuwa wamepatana. Akimaliza bioshimi ataenda kusomea uuguzi, maana shule ya wauguzi iliyotaka kumpokea ilidai cheti cha mkondo huo. Shule ikimshinda, au ikimfungia mlango, atapanda pikipiki arudi kukaa kwenye meza ya mama. Aliniambia mambo haya waziwazi siku ya kwanza ya mwaka, kama mtu anayekuonyesha tiketi yake.

Kabla ya Pasaka ikaja barua. Inspekteri angekuja kuangalia kama opsyo yetu inastahili kuendelea. Atakagua mambo mawili, mwalimu na vifaa vya kufundishia. Opsyo isiyo na vifaa itafungwa, na wanafunzi watahamishiwa mkondo wa ualimu. Neno "itafungwa" lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu, na aliyeupiga alikuwa ametumia rula.

Prefe aliniita. "Prof, usiogope. Tuko na mikroskopi."

"Haina macho, Prefe."

"Lakini iko?"

"Iko."

"Basi."

Nilipoisoma barua mara ya pili niliona chini kabisa sentensi iliyonipa moyo: vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya mazingira vinakubalika. Tukaamua kutengeneza seli. Kwanza tulijaribu udongo wa mtoni. Tukafinyanga seli kubwa, tukaianika, na siku ya tatu ikapasuka katikati, kiini kikabingirika mpaka mlangoni. Hata kabla haijapasuka ilikuwa ya rangi moja tupu, na hakuna ambaye angetofautisha oganeli, vile viungo vidogo vya seli, na donge. Yule msichana ndiye aliyesema kwamba rangi zote ziko sokoni, mahali pa vyakula.

Kwa hiyo tukakubaliana: seli ya wali. Hapa mtu wa mji mwingine angetumia bugali, ndio ugali, lakini Kasongo ni mji wa mchele, na hata sayansi yetu inapenda mchele. Wali ungekuwa saitoplazimu, ule ute unaojaza seli na ambamo kila kitu kinaelea. Kilichobaki kilikuwa kupata chombo kikubwa cha kuuwekea, na chombo kikubwa kwetu ni kimoja, sinia la mama, pana kama gurudumu la baiskeli, ambalo hutoka siku za harusi na siku za wageni wazito.

Nilimweleza mama kwa utaratibu. "Mama, hii si chakula. Ni ya kufundisha."

"Iko na mchele?"

"Ndiyo."

"Iko na mayai?"

"Nusu yai."

"Nusu yai!" Akanitazama kwa huzuni. "Na unasema si chakula."

Nikamwambia asijisumbue kutia chumvi, wali uwe mgumu tu ili ushikane. Akatikisa kichwa kukubali. Nimeishi na mama yangu maisha yangu yote, na nilipaswa kukijua kile kichwa. Asubuhi ya siku ya ukaguzi nilipolibeba sinia kwenda shule, watu waligeuka njiani. Lilinukia iliki na karafuu mpaka msikitini. Alikuwa ametia chumvi, ametia mafuta, ametia kitunguu cha kukaanga, na juu ameweka kawa lake la ukindu, lile la rangi tatu. Nilirudi mlangoni kumlaumu. "Sinia haitoke kwangu bila chumvi," alisema. "Watu watasema nini?"

Wanafunzi walikuwa wamefika kabla ya kengele, na kwa saa nzima tulijenga seli. Sijawahi kuwa na darasa lenye furaha namna ile. Tuliuzungushia wali pete za vitunguu, safu mbili zilizobanana, kwa sababu utando wa seli una tabaka mbili. Nusu yai likawa kiini, na ule mduara wa njano katikati ukawa kiini kidogo cha ndani, ambamo ribosomu huanza kutengenezwa. Kando ya yai tulikunja chapati tabaka juu ya tabaka: hiyo ni retikulamu, vichochoro ambamo protini hupita, na tukainyunyizia ufuta kuwa ribosomu zenyewe, zikiwa zimekaa kazini. Mbele yake tukapanga vipande vya chapati vyenye umbo la mwezi mchanga, kuwa lile ghala linalofungasha protini na kuandika kila mzigo unakwenda kwa nani. Mitokondria zilikuwa ndizi za kukaanga, na kila kipande msichana alikichora kwa ncha ya kisu mistari inayojikunjakunja, maana ndani ya mitokondria kuna mikunjo, na mikunjo ndiyo inayoongeza nafasi ya kuchoma chakula kipate kuwa nguvu. Pilipili tano nyekundu zikawa lisosomu, vifuko vyenye dawa kali ya kuyeyusha takataka na vitu vilivyochakaa. Mwisho tukaweka makaroni mawili yaliyopishana, ndiyo sentrioli, ambazo seli huzihitaji wakati wa kujigawa.

Msichana ndiye angeieleza. Alikuwa na vibendera vya karatasi kwenye vijiti vya meno, kila kimoja na namba yake, na angevichomeka kimoja kimoja akiendelea kusema. Tukafunika kawa. Tukakaa.

Inspekteri alitazamiwa saa mbili asubuhi. Saa nne hakuwapo. Saa sita Prefe alitoka kuitazama barabara, akarudi, akatoka tena. Harufu ya iliki ilikuwa imelijaza darasa, na wanafunzi kumi na mmoja wenye njaa walikaa wameikodolea macho saitoplazimu bila kuinua mkono, jambo ambalo nililitaja baadaye kwa wazazi wao. Saa tisa kasoro tukasikia pikipiki.

Alishuka akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, mwenye sauti ya upole, na alituomba radhi kwa kuchelewa: pikipiki ilizama mara mbili, na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni zaidi ya maji. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana kumchukia kungenirahisishia mambo.

Mwanafunzi mmoja, kwa adabu aliyofundishwa nyumbani kwao, alikimbia kuleta beseni ya maji na taulo ili mgeni anawe vumbi. Akaviweka pale palipokuwa na nafasi, mezani, kando ya sinia. Nami nililiona jambo lile likitokea mbele ya macho yangu, nikaliona sekunde nzima kabla halijatimia, na sikufanya kitu.

Kwetu mgeni akikuta beseni ya maji, taulo, na sinia lenye kawa, mazungumzo yamekwisha. Hatumuulizi mgeni kama ana njaa, kwa sababu atasema hana. Tunaweka. Na kikishawekwa ni chake. Kumwambia mgeni "hiki si chako" ni neno ambalo sijapata kulisikia likisemwa katika mji huu, hata na walevi. Inspekteri akanawa mikono na uso, akajipangusa, akafanya ishara ya msalaba, akafunua kawa.

"Ah," alisema. "Ninyi watu ya Kasongo, mutaniua."

Prefe alinitazama. Mimi nikamtazama Prefe. Kisha Prefe, Mungu amsamehe, akageukia mlango akasema, "Leteni kijiko."

Wanafunzi walikuwa wamesimama wote. Msichana alikuwa mbele, vibendera mkononi, na nilidhani atalia. Hakulia. Alisogea mezani, akainua kichwa, akaanza somo lake kwa sauti iliyonyooka, na akachomeka kibendera namba moja katikati ya yai. "Bwana Inspekteri, hii ni kiini."

"Asante, mwanangu," alisema Inspekteri. Akakichomoa kibendera taratibu, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki, akakilaza ukingoni mwa sinia. Nadhani alifikiri ni mapambo. "Na kiini inafanya kazi gani?" aliuliza, maana mkaguzi ni mkaguzi hata akiwa mezani.

"Inalinda maagizo yote ya seli, na inatuma nakala kwa kila mahali."

"Na mutu akiiondosha?"

"Seli inaendelea kidogo na vitu ilikuwa navyo. Kisha inakufa."

"Vizuri sana," alisema Inspekteri, akakila kiini.

Tangu hapo yakawa mashindano ya kibendera na kijiko. Msichana alisema haraka, lakini mgeni alikuwa na njaa ya barabara nzima. Retikulamu ilielezwa nusu ya kazi yake ikakatika. Ribosomu zilisifiwa kwa kukaangwa. Mitokondria zilikwisha mapema, kwa kuwa ndizi za mama hazina mpinzani, na ile ya mwisho msichana aliieleza mikunjo yake ikiwa hewani, njiani kwenda kinywani. Alipofika kwenye pilipili alijaribu kumwonya. "Hiyo ni lisosomu, Bwana Inspekteri. Ndani iko dawa kali sana ya kuyeyusha vitu. Ikipasuka ndani ya seli..."

Ilipasuka. Inspekteri alifumba macho, machozi yakamtoka, akanyoosha mkono kuomba maji. "Ni kali," alisema aliporudiwa na sauti, na kisayansi hakuwa amekosea.

Mwishoni katika sinia zilibaki sentrioli mbili na vipande vya utando. Seli ilikuwa tayari kujigawa, ila hakukuwa na cha kugawa. Inspekteri akanawa, akamshukuru Mungu, akamshukuru Prefe, akawashukuru wapishi. Akamwambia msichana kwamba ana ulimi mzuri na atafika mbali. Kisha akachukua kalamu na fomu zake, akageuka kwangu kwa uso wa kirafiki.

"Haya, Prof. Sasa tuone vifaa ya kufundishia."

Vichwa kumi na kimoja viligeuka kulitazama sinia, kisha vikanigeukia mimi. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni. Ilikuwa fupi, ya kweli, na ningeweza kuisema kwa kicheko, naye angecheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Mpaka leo naamini angecheka. Lakini nilimwona mama yangu kichwani, na kawa lake la rangi tatu, na mji mzima ukiambiana kwamba mimi ndiye niliyemdai mgeni chakula alichokwisha kula.

"Karibu, Bwana Inspekteri," nikasema. "Mikroskopi iko kwa biro."

Alifunua kile kitambaa, akainama, akachungulia shingo ya hadubini, akaona sakafu ya ofisi. Akavizungusha vifundo. Akaandika neno moja kwenye fomu. Kabla jua halijainama alikuwa ameondoka, barabara isije ikamkuta tena.

Jioni mama aliuliza kama mgeni alikula. Nikamwambia amekula. Akauliza kama alisaza. Nikamwambia makaroni mawili. Alifurahi sana, akalisugua sinia kwa majivu.

Raporti ilifika wiki tano baadaye. Prefe aliisoma mbele ya shule nzima, kwa sababu mwanzo wake ulikuwa mtamu. Mapokezi: ya pekee katika wilaya nzima. Nidhamu: ya kupigiwa mfano. Mwalimu: anaijua kazi yake. Mwanafunzi aliyeulizwa: bora kabisa. Watu wakapiga makofi baada ya kila kifungu. Vifaa vya kufundishia: hakuna. Wakapiga makofi hapo pia, kwa mazoea, na Prefe akalazimika kuinua mkono ili asome kilichofuata, kwamba opsyo ya bioshimi inafungwa, na kumi na mmoja wale watahamia ualimu.

Chini kulikuwa na nafasi ya majibu. Shule ilipewa siku nane za kuandika kama ina la kusema.

Niliketi na karatasi. Niandike nini? Kwamba vifaa vilikuwapo, vikaliwa? Niliandika, "Vifaa viliharibika wakati wa somo." Nikafuta, kwa maana havikuharibika, vilikwenda mahali vinapostahili. Niliandika, "Vifaa vilitumika vyote." Prefe alisoma, akapendekeza niongeze, "na mheshimiwa mwenyewe," kisha akaogopa pendekezo lake, akalifuta kwa mkono wake. Tukamwita mwenyekiti wa wazazi, mzee mwenye duka, ambaye kwa upande wa baba ni ami yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "iko siku gani mutu wa hapa aliandika kwa serikali kama mugeni alikula?"

"Lakini ami, opsyo itafungwa."

"Opsyo inafunguliwaka tena. Jina ikifungwa, haifunguliwe."

Mama alikuwa mkali zaidi. Hakupaza sauti. Alikaa kitako, akaniambia kwamba nikimwandika mgeni wake kwenye karatasi ya serikali, sinia lile nitalipeleka mwenyewe sokoni nikaliuze, kwa sababu hakuna mgeni atakayekula juu yake tena. Mji ulikuwa umekwisha kuambizana. Watu walinisimamisha njiani kunihurumia, na kila aliyenihurumia alinisihi nisiandike. Nilitaka sana mtu mmoja aniambie niandike. Sikumpata, na sikumtafuta kwa bidii.

Siku ya nane niliandika kwenye ile nafasi, "Hatuna la kuongeza," nikatia sahihi. Prefe akagonga muhuri. Karatasi ikaondoka asubuhi ile ile na mwenye pikipiki.

Mchana msichana alikuja nyumbani kwangu. Pikipiki nyingine ilisimama nje, na begi lake lilikuwa limefungwa nyuma kwa mpira. Alikataa ualimu. Mama yake alikuwa amemtumia nauli ya kwenda Salamabila. Nilidhani amekuja kuaga, nikaanza yale maneno ya kuaga, ya Mungu ni mkubwa na elimu haiozi. Aliniacha nimalize. Kisha akatoa karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne, akaitandaza mezani.

Ilikuwa seli yetu. Alikuwa ameichora kwa penseli kama ilivyokuwa saa tisa kasoro ile, kabla ya kijiko, na hakuna kilichokosekana: tabaka mbili za utando, kiini na kiini chake kidogo, vichochoro vya retikulamu, mikunjo ndani ya kila mitokondria. Kando alipanga namba, na mbele ya kila namba jina la sehemu, kazi yake, ilitengenezwa kwa kitu gani, na ilikwenda wapi. Namba moja: kiini. Kulinda maagizo na kutuma nakala. Nusu yai. Kililiwa na Inspekteri. Namba mbili, vivyo hivyo. Hakutia hasira hata mahali pamoja. Chini walikuwa wameandika majina yao wote kumi na mmoja, na pameachwa nafasi ya mwalimu.

"Tulisema tuitume pamoja na jibu yako, Prof," alisema. "Iko siku nane. Leo ni ya nane."

Nikamwambia jibu limekwisha kwenda.

"Uliandika nini?"

Nikamwambia.

Nje mwenye pikipiki alipiga honi mara moja. Nilimwambia kwamba yeye bado mdogo, kwamba kuna mambo ambayo hata yakiwa kweli hayaandikwi, kwamba mchoro ule ni mzuri lakini hauwezi kutumwa jinsi ulivyo. Nilisikia sauti yangu ikisema hayo na nilijichukia.

Akafungua mfuko wake wa shule, akatoa kifutio, akakiweka juu ya karatasi mbele yangu.

"Basi unionyeshe ya kufuta," alisema.

Nilikichukua. Nilianza na utando, nikaingia ndani, nikapita namba kwa namba mpaka sentrioli, nikitafuta kosa hata dogo, mkunjo uliozidi, mstari uliokwenda kombo, jambo lolote ambalo mwalimu angeweza kulisahihisha. Hapakuwa na kosa. Nikamrudishia kifutio chake, naye akaikunja karatasi, akasema "Bakia muzuri, Prof," akatoka kwenda kupanda pikipiki.